Kiwavi Mwenye Wageni

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, mshonaji alitoka nyuma ya nyumba na kopo la maji ya sabuni. Bustani ilikuwa ndogo, mistari minne tu ya kabichi. Aligeuza jani moja moja, akaokota viwavi na kuwatumbukiza koponi.

Bustani hiyo aliiacha marehemu mama yao. Sasa nyumbani walibaki wawili, mshonaji na kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma. Kaka alitaka mahali pa kufanyia kazi.

"Dada, hizi kabichi ni za viwavi, si zetu," alisema. "Zikishindwa tena safari hii, namwaga zege."

Hakuwa anatania. Mifuko sita ya saruji ilikuwa tayari ukutani, imelazwa na kufunikwa turubai. Mshonaji aliipita kila asubuhi bila kuitazama, kama mtu anayepita kando ya maiti.

"Nipe miezi miwili," aliomba. Hakuwa msemaji. Maneno hayo matatu aliyafikiria siku nzima.

"Haya. Miwili, basi."

Siku moja, jua likiwa la utosi, aligeuza jani akaona kiwavi asiyekimbia. Hapakuwa na upepo. Mtaa mzima ulikuwa kimya. Chini ya tumbo la kiwavi palikuwa na vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele, zaidi ya ishirini. Kiwavi alivilalia kama kuku anavyoatamia.

Alimgusa kwa kijiti. Kiwavi aliinua kichwa, akakitikisa kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kisha akatulia. Hakula. Hakusogea. Alikuwa kama mlinzi aliyepewa zamu na mtu asiyeonekana.

Mwili ulimsisimka mshonaji.

"Mayai," alinong'ona. "Kumbe huyu ndiye mama yao."

Akamtumbukiza koponi. Tangu siku hiyo, waliobeba vifuko ndio aliowatafuta kwanza. Alipekua hadi uvunguni mwa majani. Lakini cha ajabu, kadiri alivyowamaliza hao, ndivyo kabichi zilivyozidi kutoboka.

Akaamua kumchunguza adui. Alichukua kiwavi mmoja mnene, asiye na kifuko hata kimoja. Akamtia kwenye chupa ya jemu pamoja na kipande cha jani, akafunika mdomo kwa kitambaa chepesi na kukifunga kwa uzi. Chupa akaiweka dirishani, karibu na cherehani.

Siku ya kwanza kiwavi alikula. Siku ya pili aliacha. Siku ya tatu, mchana, mshonaji alikuwa akishona pindo la sketi alipoinua macho. Akaacha kukanyaga cherehani.

Kiwavi alikuwa ametulia tuli, lakini ngozi yake ilikuwa inacheza. Ilipanda na kushuka, kama kitambaa kinachosukumwa na vidole kutoka ndani. Halafu ubavuni pakatokea tundu. Kikatoka kichwa cheupe. Likafuata tundu jingine. Na jingine. Funza wadogo walikuwa wanatoka, wengi, bila sauti yoyote. Na kiwavi bado alikuwa hai.

Mshonaji alitoka mbio, chupa mkononi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Uani alimkuta kaka yake na bomba la kupulizia dawa mgongoni.

"Vipi, umeona jini?" kaka alicheka.

"Viwavi... wanatoka... ndani ya kiwavi."

Kaka alisogeza jicho kwenye chupa. Kicheko kikakatika.

"Hii bustani ina mambo," alisema polepole. "Rudi ndani. Dawa niliyoleta inaua kila kitu chenye miguu. Kesho asubuhi namwaga zege."

"Mwanangu, tua hilo bomba!"

Aliyesema ni jirani yao, aliyekuwa akianika shuka upande wa pili wa ua. Watu walimwita Mama Darubini kwa sababu ya miwani yake minene. Alikuwa amefagia maabara ya wadudu kwa miaka mingi, na masikio yake hayakuwa yamelala. Alipita kwenye pengo la ua, akaichukua chupa.

"Loo! Mmepata wageni."

"Wageni gani hao, mama?" kaka aliuliza. "Huu si uchawi?"

"Uchawi wa nyigu. Yuko nyigu mdogo kuliko mbu. Haumi mtu. Humtafuta kiwavi mchanga, anamchoma, anaacha mayai ndani yake. Kiwavi anaendelea kula bila habari. Anadhani anashiba yeye, kumbe analisha wengine. Watoto wa nyigu wanamla kwa ndani, taratibu. Sehemu zinazomweka hai hawazigusi kwanza."

Kaka aligeuza uso pembeni. "Mama, nimetoka kula sasa hivi."

"Tulia. Wakishakua wanatoboa ngozi, wanajisokotea vifuko vyeupe. Baada ya siku chache wanatoka nyigu wazima, wanatafuta viwavi wengine. Na huyu kiwavi hatakula tena. Atakaa hapo akiwalinda mpaka afe. Mwili ni wake, lakini nyumba ina wageni."

Mshonaji aligeuka kutazama kopo la sabuni.

"Mama, vile vyeupe... nilidhani ni mayai ya viwavi. Nimevichovya vyote kwenye sabuni. Wiki tatu."

"Basi umekuwa ukiwaua askari wako, mwenzangu."

Mama Darubini alitazama pembe ya bustani.

"Na giligilani ya mama yenu iko wapi? Ile aliyoiacha itoe maua?"

"Niliing'oa. Niliona ni uchafu."

"Nyigu mzima hali kiwavi. Anakunywa utamu wa maua madogo kama yale. Mama yenu alijua alichofanya. Na hiyo dawa inayoua kila kitu, itaanza na nyigu."

"Kwa hiyo tukae tukitazama?" kaka alidakia.

"Mikono kazi yake nini? Kiwavi mwenye vifuko, mwacheni palepale. Wengine okoteni, lakini msiwachovye, maana huwezi kujua nani ana wageni ndani. Watieni kwenye ndoo pamoja na majani, mfunike kwa wavu. Matundu yampitishe nyigu, yamzuie kiwavi, na kipepeo pia."

Hapo mshonaji aliinua kichwa. Vitambaa ndiyo kazi yake. Aliingia ndani, akapekua mfuko wa vipande, akatoka na wavu uliobaki kwenye shela ya bibi harusi. Akaunyoosha juani, akayapima matundu kwa ncha ya sindano.

"Huu," alisema. Kisha akamgeukia kaka yake, na safari hii hakufikiria siku nzima. "Uliniahidi miezi miwili. Bado wiki tano."

Kaka alitua bomba.

Walipanda giligilani upya. Wakati ikikua, Mama Darubini aliwaletea bizari iliyokwisha kuchanua, kwenye kopo. Ndoo ilikaa kati ya kabichi. Siku ya tisa, mshonaji aliona vumbi jeusi likipanda kupitia matundu ya shela. Halikuwa vumbi. Lilikuwa na mabawa. Lilitawanyika juu ya bustani bila mlio, kila punje na njia yake, kama lilikuwa limeagizwa.

Majani ya zamani yalibaki na matundu. Machanga yalifunga vizuri. Wiki tano zilipokwisha, vichwa vya kabichi vilikuwa vigumu, vizito, havishikiki kwa mkono mmoja. Saruji kaka aliimwaga mbele ya nyumba, chini ya dirisha la cherehani, akafanyia kazi hapo.

Siku ya kuvuna, kaka alikata kabichi ya kwanza. Kwenye jani la nje palikuwa na kiwavi aliyetulia. Kwa mazoea aliinua kidole gumba ili amponde.

Kiwavi alitikisa kichwa. Kushoto, kulia. Chini ya tumbo lake vilichungulia vifuko vyeupe.

Kaka alikirudisha kidole. Akalikata lile jani taratibu, akalilaza kivulini, chini ya giligilani.

"Umemwacha?" mshonaji aliuliza.

"Nimemwacha," kaka alijibu kwa sauti ya chini. "Huyo ana wageni."