Tela ya Baridi ya Kwenda Kisumu

Kila siku Kipngetich na mkewe Jeruto walipakia makopo ya maziwa kwenye lori lao pale Eldoret. Waliyapeleka Kisumu kwa Mama Rosebella, msimamizi wa jikoni katika hoteli. Mwaka ule wa 1955 hawakuwa na mteja mwingine mkubwa. Lakini joto la Kisumu lilikuwa kali, na maziwa yalianza kufika yamechacha.

"Yakichacha tena, nitatafuta mtu mwingine," Mama Rosebella aliwaambia.

Basi wakaamua kununua tela ya baridi, yaani sanduku kubwa la magurudumu lenye mashine ya kupoza. Mfanyabiashara mmoja mjini alikuwa na mbili kuukuu. Walikwenda kwake asubuhi na mapema pamoja na jirani yao Kituyi, fundi wa mashine za baridi.

Tela moja ilikuwa ya kijivu. Nyingine ilikuwa nyekundu, na mashine yake ilinguruma. Kipngetich aliingia ndani, akatoka akipuliza vidole.

"Jeruto! Ndani ni barafu tupu! Tuchukue hii!"

"Hata jikoni kwangu saa hii ni barafu," Jeruto akamjibu. "Kwani tunanunua baridi ama kelele?"

Kituyi alicheka. "Shemeji amesema kweli. Asubuhi ya Eldoret, kila sanduku ni baridi. Tungoje jua."

Jua lilipokuwa kali, waliweka makopo ya maji baridi ndani ya tela zote mbili, wakawasha mashine. Baadaye Kituyi alifungua milango yote kwa muda unaotosha kushusha mzigo, akaifunga. Wakangoja tena, kisha wakatazama vipimajoto.

"Ya kijivu imerudi kwenye baridi yake!" Jeruto alisema kwa furaha. "Nyekundu bado ina joto!"

"Haiwezekani!" Kipngetich alisema. "Na vile inanguruma?"

"Weka mkono hapa mlangoni," Kituyi alimwambia.

Kipngetich aliweka mkono. "Ala! Baridi inatoka nje!"

"Mpira wa mlango umepasuka. Kuta nazo ni nyembamba. Tena mashine hii ni ndogo kwa sanduku kubwa hivi, ndiyo maana inahangaika. Ya kijivu inatosha sanduku lake, na vipuri vyake vinapatikana hapa mjini."

"Sasa nitakuwa natia maziwa yakitoka tu kwa ng'ombe," Kipngetich alisema.

"Hapana, ndugu yangu. Tela hutunza baridi. Haipozi upesi maziwa yenye joto. Tumbukiza makopo kwanza kwenye maji baridi ya kijito."

Walinunua ya kijivu. Kesho yake walipoza maziwa, wakapakia, wakateremka Kisumu. Walifika jua likiwaka.

Mama Rosebella alimimina kikombe kimoja. Akaonja. Mama akanywa chote, akafuta mdomo.

"Haya ndiyo maziwa! Kesho niongezeeni makopo."

Jeruto alipiga kigelegele, na wapishi wote wakakimbia nje kuona kuna arusi ya nani.