Macho Yale Yale

"Nani huyu mwenye macho yale yale?"

Mzee karibu amwage chai. Mkewe, fundi cherehani, amesimama mlangoni, simu ya mumewe mkono mmoja, mkasi mkono wa pili. Akausoma kwa sauti ujumbe wa fundi rangi wa magari:

"Mzee, yule wako wa zamani nimempata. Amezeeka, amechakaa, ila macho yale yale. Yuko kwangu. Usimwambie mama."

"Mke wangu, twende tu ukamwone."

"Tena nikamwone! Mvi zote hizo, bado una wa kufichwa gereji? Leo mtanitambua!"

Njiani wivu ulimzidi. Akavua pete ya ndoa, akaitupia kwenye pochi.

Walipofika gereji, fundi rangi alimwona mama akataka kupotea.

"Yuko wapi?"

Fundi akavuta turubai. Kikatokea kigari cha ajabu cha enzi zile: kidogo, mviringo kama yai, taa zimekitoka kama macho ya chura, mlango mmoja tu, tena uko puani, unafunguka kama wa friji.

Mama akashika kiuno.

"Gari? Gari si 'limezeeka'! Nani kawafundisha kusema 'amezeeka'?"

"Wewe," mzee akajibu. "Siku ya kwanza nilipokupandisha humu, ulinikemea: 'Usimwite hili, ana macho, atasikia.' Mpaka fundi nimemzoesha. Nilitaka apakwe rangi kwanza, ndipo nikushtukize."

Hapo mama akakumbuka. Gari halikuwa na gia ya kurudi nyuma. Mzee, enzi hizo kijana, alilisogeza mpaka mlango ukagota ukutani, akasema, "Tumekwama," akamposa humo humo. Alipokubaliwa tu, ndipo akaita watu waje kuwavuta.

Chozi likamtoka. Lakini wivu ni wivu. Akaingia, akaketi.

"Ingia na wewe. Fundi, tusukume mpaka ukutani."

"Mama, hana injini huyu."

"Ndiyo maana nimesema sukuma."

Mlango ukagota ukuta.

"Haya sema. Kabla yangu, ulimkwamisha nani mwingine humu?"

"Haki ya Mungu, hakuna!"

"Fundi! Nenda kanywe chai, usituvute mpaka nikuite."

Akatoa pete kwenye pochi, akanyoosha kidole.

"Na wewe nivalishe, huku unakumbuka vizuri."