Mikono Chini ya Gari Langu

Nilikuwa nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili, na gari halikusimama!

Wasomaji wangu, nina miaka sabini na mmoja. Nimefundisha darasani miaka thelathini na minne, wala sikuwahi kupiga ukelele mbele ya mtoto. Siku ile nilipiga.

Tulikuwa tunateremka mlima wa Mampong kuelekea Kumasi, saa nne asubuhi, mimi na mjukuu wangu Pokuaa. Nilikuwa nimetoa gia ili kuokoa petroli. Ghafla injini ikakohoa mara mbili… ikazima.

Kimya.

Usukani ukawa mzito kama kinu. Nikakanyaga breki, ikashika kidogo. Nikakanyaga tena, na tena… ikawa ngumu kama ukuta!

"Nana, mbona tunakwenda mbio?"

"Shika kiti, Pokuaa."

"Nana, mbona unasali?"

"Nimesema shika kiti!"

Nyuma yetu lori la viazi vikuu kutoka Ejura lilikuwa linapiga honi. Mbele yetu palikuwa na kona, na ng'ambo ya kona hiyo hapakuwa na kitu ila vilele vya miti.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye breki ya mkono. Breki ile ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi. Kila nilipoegesha, Pokuaa alishuka na jiwe letu akaliweka nyuma ya gurudumu. Lakini mfa maji hukamata maji. Nikaivuta.

Ikashika!

Gari likalia, likaserereka, likaingia mtaroni kwa ubavu… likasimama.

Dereva wa lile lori, jina lake Issaka, akaja mbio na kandambili mkononi.

"Bibi! Mko hai?"

"Tuko hai. Usinipigie kelele."

Akacheka kwa woga, kisha akafungua boneti. Akainama kwa muda mrefu mno.

"Bibi, injini yako inavuta hewa. Unaziona nozeli hizi zinazorusha petroli ndani? Kila moja hukazwa na pete ya mpira. Sasa tazama… naitikisa kwa kidole kama jino la mtoto! Zote nne!"

"Maana yake nini?"

"Pete haziozi zote kwa siku moja, Bibi. Hapa pana mkono wa mtu."

Mkono wa mtu…

Nikamkumbuka Dwomoh.

Dwomoh ni mwana wa marehemu mdogo wangu wa kike. Nimemlea tangu ana miaka mitano, na leo ni fundi wa magari kule Suame. Kwetu Waasante ukoo hufuata mama. Mwanangu wa pekee, baba yake Pokuaa, alikwisha kufa; nikifa mimi, nyumba yangu ni ya Dwomoh.

Na wiki mbili kabla ya siku ile, alfajiri, nilimkuta amelala chini ya gari langu, uani kwangu, spana mkononi. Sikuwa nimemwita!

"Nani amekutuma huko?"

Alijigonga kichwa kwa mshtuko.

"Aa… Mama Mkubwa! Naangalia tu."

"Unaangalia nini?"

"Basi tu. Yamekwisha."

Akaondoka bila kunywa uji. Tangu lini Dwomoh akauacha uji wangu?

Siku tatu baada ya ajali sikula kwa raha. Aliniletea supu ya mawese, nikaimwaga kwa kuku. Kuku hawakufa. Nikajiambia kwamba sumu nyingine huenda polepole, nikakaa kibarazani nikiwahesabu mmoja mmoja.

Siku ya nne nikaenda kwa Mzee Ntiamoah, mkuu wa ukoo wetu.

"Dwomoh anataka kuniua."

Akaweka kikombe chini.

"Birago, neno hilo likitoka halirudi."

"Litoke."

"Basi Jumapili ukoo utakaa. Lakini kabla ya hapo, aifungue injini mbele ya macho yangu. Usimwambie lolote."

Jumamosi gari likavutwa hadi Suame. Nyundo zililia kila upande, na mafundi wakapiga soga juu ya vyuma vilivyooza. Dwomoh alinipokea kwa mikono miwili, kama kawaida yake. Mikono ile ile!

"Mama Mkubwa, kaa kwenye usukani. Washa, kisha usikanyage chochote."

"Kwa nini niwe mimi?"

"Wewe ndiye unayemjua mgonjwa wako."

Nikamtazama Mzee Ntiamoah. Akaniitikia kwa kichwa: kaa.

Nikawasha. Injini ikapanda yenyewe kwa ngurumo, ikashuka karibu kuzima, ikapanda tena. Dwomoh akachukua kopo la kupulizia. Harufu kali ikanipenya puani.

"Hiyo ni nini?"

"Dawa ya kusafishia injini. Hushika moto upesi, kwa hiyo tulia."

Hushika moto upesi! Na mimi nimo ndani, boneti imesimama mbele yangu kama mlango wa kaburi, na uso wake siuoni!

Ssss… Hakuna kitu.

Ssss… Hakuna kitu.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa. Kitasa kilikuwa kigumu. Jasho likanitiririka hadi kiunoni.

Ssss…

Injini ikanguruma kama mnyama aliyechomwa mkuki!

"Nakufa!"

Sijui mlango ulifunguka vipi. Nilijikuta chini, kwenye tope la oili, kiatu kimoja mguuni na kingine sikioni.

"Haya tena! Bibi karuka kama panzi!" akapayuka fundi mmoja.

"Panzi gani? Huyo ni chura wa masika!"

Wote wakacheka isipokuwa Dwomoh. Alinishika mabega, akaniinua, akanifuta tope usoni kwa shati lake.

"Umeogopa nini, Mama Mkubwa? Hiyo ndiyo dalili niliyokuwa naitafuta. Pale penye ufa, injini huivuta dawa na kuinywa, ndipo hupiga kelele. Sasa tumejua hewa inaingilia wapi."

Akazima, akaiacha ipoe, akazing'oa nozeli. Akaziweka pete nne kwenye kiganja cha Mzee Ntiamoah. Zilikuwa zimevimba na kulegea kama maharage yaliyolala kwenye maji.

Mzee akazinusa.

"Mafuta ya taa."

"Ndiyo," akasema Dwomoh. "Mpira huu hauyawezi mafuta ya taa. Huyanywa, huvimba, kisha huachia. Nani anaiosha injini hii?"

Nikaitazama mikono yangu mwenyewe.

Kila Ijumaa, wasomaji wangu, kwa miezi minane. Kopo la mafuta ya taa na mswaki wa zamani wa marehemu mume wangu. Nilisugua injini ile mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi, nikijisifu kwamba uchafu haukai kwangu.

"Mimi," nikasema.

Mzee Ntiamoah akafumba macho.

Lakini moyo wangu ulikuwa bado na mwiba mmoja.

"Na alfajiri ile, Dwomoh? Ulikuwa unafanya nini chini ya gari langu?"

Akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Usikasirike. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umekatika. Nilikuambia mara tatu, ukanijibu kwamba jiwe linatosha. Nikaona nifunge mpya kabla hujaamka… Nilijua ukiniona utanifukuza."

Nikaketi palepale kwenye tope.

Breki ile iliyoshika pale konani… ilikuwa mikono yake!

Hakujua kwa nini nalia. Alidhani nimeumia. Akavipangusa vitundu vya nozeli kwa kitambaa, akapaka pete mpya oili safi, akazisukuma kwa kidole gumba taratibu, zisikatike. Nilipowasha, injini ilinguruma kwa utulivu kama mtu aliyelala baada ya kushiba.

"Birago," Mzee Ntiamoah akanong'ona, "kesho ukoo unakaa."

Nao ulikaa. Nilisimama mbele ya watu ambao nusu yao niliwafundisha kusoma, na bakuli la mayai mikononi, kama desturi yetu inavyomtaka aliyekosa. Nikasema yote niliyomdhania, bila kuruka hata neno. Hapo ndipo Dwomoh alipoyajua.

Alinitazama mimi, akayatazama mayai. Sijawahi kuogopa hivyo, hata pale mlimani.

Kisha akalichukua bakuli.

"Supu yangu uliwapa kuku, Mama Mkubwa?"

"Niliwapa."

"Basi mayai haya yametoka kwenye supu yangu. Nimeyapokea." Akajaribu kutabasamu, na machozi yakamtoka. "Kuanzia leo, wewe utaosha vioo tu."

Wasomaji wangu, nilimkuta mtu mahali pa kutilia shaka, nami nikaliandika jibu kabla ya kumsikiliza. Mwanafunzi yeyote angefanya hivyo, ningempa sifuri. Mwulizeni mtu alikuwa anafanya nini, kisha mnyamaze mpaka amalize kujibu.

Na mafuta ya taa, yaacheni kwenye taa.