Bomba la Rangi ya Chungwa

Hamido alikuwa mchoma chokaa. Alichimba mawe ya matumbawe shambani kwake, kando ya barabara ya kwenda Palma, akayapanga juu ya kuni, akayachoma. Mwaka ule habari za gesi zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Wageni walikuwa wakijenga, na chokaa ilitakiwa sana.

Mkewe, Alima, alikuwa nyumbani na binti yao, Zuleica. Mimba ya Zuleica ilikuwa imetimiza miezi tisa. Hospitali ilikuwa Mocímboa da Praia, mwendo wa saa nzima kwa gari. Muuguzi aliwaambia, "Uchungu ukianza, pigeni simu. Gari la wagonjwa litakuja."

Asubuhi hiyo sururu ya Hamido iligonga kitu. Halikuwa jiwe. Lilikuwa bomba la plastiki la rangi ya chungwa.

Moyo ulimlipuka. "Mama Zuleica! Zima moto! Gesi imepita chini ya shamba letu!"

Alima alimwagia maji jiko, muhogo na sufuria yake pamoja. Majirani nao wakazima majiko yao, wakatimua mbio. Watu wazima na heshima zao! Siwacheki, maana mimi ningewatangulia.

Hamido hakukimbia. Mawe yake yalikuwa yamepangwa tayari kuchomwa, hatua kumi tu kutoka pale. Akaona heri alitoboe bomba, gesi itoke yote, iishe. Hizo ndizo akili za mtu mwenye hofu. Alichukua shoka, akapiga mara tatu. Akanusa. Hakuna harufu. Ndani aliona waya mweusi tu, umekatika.

"Kumbe waya!" alisema, akaanza kucheka.

Hakumaliza kucheka. Alima alikuja mbio, simu mkononi.

"Baba Zuleica, mtoto ameshikwa na uchungu! Chupa imepasuka! Napiga hospitali, simu haiendi. Não há rede, hakuna mtandao!"

"Jaribu tena."

"Nimejaribu mara sita!"

Hamido aliutazama mnara wa simu nyuma ya msikiti. Ulikuwa umesimama vilevile. Jenereta yake ilikuwa ikinguruma. Iweje simu zife?

Alikimbilia barabarani kutafuta gari. Magari mawili ya wageni yalimpita kana kwamba hayamwoni. Saa nzima ikapita, kisha ya pili. Zuleica alikuwa akipiga kelele ndani, na damu ilianza kutoka.

Mwishowe gari jeupe lilisimama. Alishuka Domingas, mwanamke fundi wa mitambo ya simu, mzaliwa wa Mueda.

"Bom dia, papá. Cabo yetu, waya wa chini ya ardhi, imekatika hapa karibu. Nani anachimba?"

"Mama, binti yangu anakufa!"

Domingas hakuuliza tena. Alishusha vifaa vyake, akamwamuru dereva awapeleke Zuleica na mama yake hospitali. Gari lilipoondoka, ndipo alipoliona shimo.

"Nani amekata?"

"Mimi. Nilidhani ni gesi."

"Gesi bado iko chini ya bahari, papá. Hii ni njia ya simu."

"Njia ya simu si mnara? Ule pale, mzima!"

"Mnara unaipokea sauti yako hewani, basi. Haujui unayempigia yuko wapi. Unaipeleka sauti kwenye kituo kikuu, mjini, mbali sana. Mitambo ya huko ndiyo inayomtafuta huyo mtu na kuwaunganisha. Sauti inasafiri ndani ya cabo hii."

"Hata nikimpigia jirani yangu huyu hapa?"

"Hata huyo. Sauti inakwenda mjini, inarudi."

Hamido akakaa juu ya mawe yake.

"Minara mingine haina cabo," Domingas aliendelea. "Inarushiana mawimbi kwa sahani kubwa, mnara hadi mnara, mpaka kituoni. Huu wenu unategemea cabo. Ikikatika, mnara ni chuma tu. Lakini hapa palikuwa na nguzo fupi ya saruji, ya kuonya watu. Iko wapi?"

Hamido alikuwa ameing'oa mwezi uliopita. Alidhani watu wa gesi wanalipima shamba lake wamnyang'anye. Karibu nusu ya kijiji walikuwa wameng'oa za kwao.

"Ile nguzo ina namba ya kupiga kabla ya kuchimba," Domingas alisema. "Ukiona bomba, acha sururu, upige."

Hamido alitaka kuushika ule waya. Domingas alimzuia. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na vipande vyake huingia ngozini. Aliziunganisha moja moja kwa mashine ndogo mpaka alasiri. Mara simu ya Hamido ikaita.

"Wako hai," Alima alisema huku akilia. "Mtoto ni wa kiume. Daktari anasema tungechelewa nusu saa zaidi, tungezika wawili."

Siku ya nne Zuleica alirudi nyumbani. Alikuwa bado dhaifu.

"Baba, siku ile rede ilikuwa na nini?"

Hamido angeweza kuwasingizia watu wa kampuni. Hakuna ambaye angembishia.

"Nilikata mimi, mwanangu. Kwa shoka."

Zuleica alimkodolea macho. Alimvuta mtoto kifuani.

"Ijumaa baada ya swala, simama uwaambie watu," alisema. "Na damu yangu uitaje. Usiifiche."

Ijumaa Hamido alisimama mbele ya wenzake, akayasema yote, na damu akaitaja. Kabla ya alasiri, nguzo kumi na moja zilikuwa zimerudishwa mahali pake.