Mistari Minne ya Nzembi

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, Nzembi aliamka saa kumi na mbili, akapiga mswaki, akanywa chai kwa mkate uliobaki jana, kisha akapanda vidato mia moja arobaini na vinne. Idadi hiyo ni ya kweli. Alivihesabu siku ya kwanza, na tangu hapo magoti yake ndiyo yaliyomhesabia. Vidato hivyo vilikuwa vya jengo la makazi katikati ya mji wa Machakos. Juu ya paa lake, kati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo, palikuwa na viti viwili vya plastiki, mwavuli mmoja uliokosa adabu kila upepo ulipovuma, darubini mbili na daftari jeusi.

Ng'ambo ya barabara kulisimama jengo la ofisi, refu zaidi. Kwenye ukingo wa ghorofa yake ya nane, kozi wawili, dume na jike, walikuwa wamelea makinda watatu. Kozi ni ndege mwindaji mwenye mbawa ndefu zilizochongoka. Akiwa mkubwa, hushuka kutoka angani kwa kasi ambayo haimpi njiwa nafasi hata ya kuaga jamaa zake. Akiwa mdogo ni kichekesho. Hujifunza kuruka jinsi watoto wanavyojifunza baiskeli, yaani kwa kuanguka, ila hakuna mtoto anayejifunzia baiskeli ghorofa ya nane. Kinda akitua chini, mara nyingi hawezi kujiinua tena, na mjini chini kuna magari, paka, na binadamu wenye mawe.

Ndiyo maana Mwalimu Urbanus, aliyefundisha sayansi katika shule moja ya mjini, alianzisha kikundi cha kujitolea. Mtaalamu kutoka Nairobi alikuwa amewavisha makinda pete za plastiki miguuni, nao wakaitwa kwa rangi za pete zao: Mwekundu, Buluu na Mweupe. Kila robo saa aliye zamu alimtafuta kila mmoja kwa darubini na kuandika alipo. Akikosekana mmoja, simu inapigwa, kikundi kinashuka kumtafuta, na akipatikana anarudishwa juu ajaribu tena.

"Andikeni mlichoona," Mwalimu alisema siku ya kwanza. "Si mnachodhani. Mlichoona. Atakayelidanganya daftari hili atarudisha darubini na kwenda nyumbani."

"Ndiyo, Mwalimu," Nzembi alijibu, kwa uso wa waziri anayeapishwa.

Ni haki msomaji aelezwe kwamba Nzembi, mwenye miaka kumi na mitatu, alisoma shule ya bweni, na huko alikuwa na sifa. Majina yalipoitwa alfajiri, aliwaitikia wenzake waliobaki vitandani, kila mmoja kwa sauti yake. Alikuwa na sauti saba, pamoja na moja yenye mafua. Wasichana walipata usingizi, mwalimu wa zamu alipata idadi kamili, na amani ikatawala. Hakuna aliyewahi kudhurika. Kutokana na ushahidi huo, Nzembi alikuwa amejijengea imani kwamba kitabu kikijazwa vizuri, dunia nzima iko salama.

Jumatano ya wiki ya tatu alikuwa zamu na rafiki yake Hafso, binti wa Mzee Dayib, mfanyabiashara wa mifugo. Mwekundu na Buluu walikuwa tayari wanaruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mweupe, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikuwa bado anapiga mbawa pale pale aliposimama, kama mtu anayefukuza nzi.

Saa sita na robo Hafso aliandika: wote watatu wapo, Mweupe yuko pembe ya magharibi. Kisha akasimama.

"Naenda kuswali na kula. Narudi saa saba na nusu. Usilale, Nzembi."

"Mimi nilale? Hafso, umeniumiza roho."

"Na usiende mahali."

"Niende wapi na haya magoti?"

Hafso alishuka. Dakika tano baadaye, kipaza sauti kilianza kunguruma barabarani. Alikuwa muuza dawa ya panya.

"Panya wako akionja hii," sauti ilitangaza, "hatarudi hata kuchukua nguo zake! Anakuachia nyumba, anakuachia na deni la duka!"

Watu walicheka. Nzembi aliinama ukingoni, lakini hakuona ila mwavuli wa muuzaji. Alijiambia kwamba angeshuka dakika kumi tu. Mtu mwenye kipaji cha sauti saba ana wajibu wa kumsikiliza bingwa mwenzake kwa karibu. Akashuka. Bingwa alikuwa na sauti ya panya baba, panya mama na panya mkwe aliyekuja kutembea kutoka Kivaa. Nzembi alicheka hadi mbavu zikamuuma, akanunua chapati na maharagwe, akala akiwa amesimama, na alipoitazama saa ya duka la mkabala ilikuwa saa saba na dakika kumi na nane.

Alipanda vidato vyote bila kupumzika. Daftarini, mistari minne ilikuwa mitupu ikimtazama. Aliketi, akashika kalamu na kuijaza yote: saa sita na nusu, saa saba kasorobo, saa saba, saa saba na robo. Hakuandika ovyo ovyo. Alijua kwamba uongo unaofanana humuumbua mwenyewe, kwa hiyo kila mstari aliupa mapambo yake. *Wote wapo, Mwekundu anajikuna.* *Wote wapo, Buluu amelala.* Na mstari wa mwisho: *Wote wapo, Mweupe amehamia pembe ya mashariki, anatazama soko.*

Hapo ndipo alipoinua darubini. Mwekundu alikuwepo. Buluu alikuwepo. Aliipitisha darubini pembe ya mashariki, pembe ya magharibi, juu ya mabomba, nyuma ya antena, kisha akaanza upya.

Bado alikuwa akitafuta Hafso aliporudi. "Sasa? Wote wapo?"

"Mweupe... simwoni. Labda amejificha."

Hafso alichukua darubini ya pili na kuupitia ukingo wote. Kisha akachukua simu.

Mwalimu Urbanus alifika akiwa nyuma ya pikipiki ya Jeff, mwendesha boda boda ambaye pia alikuwa mmoja wa waliojitolea. Mwalimu alikuwa na katoni yenye matundu, glavu na leso kuukuu. Alisoma daftari kwanza, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, na uso wake ukalainika.

"Vizuri sana. Saa saba na robo alikuwa mashariki, anatazama soko. Basi hajakaa chini hata nusu saa. Nzembi, maelezo haya yametusaidia sana. Twendeni sokoni."

Nzembi aliwafuata. Pengine Mweupe alikuwa sokoni kweli. Nani ajuaye?

Kwa muda wa saa moja walilipekua soko. Jeff alitambaa chini ya meza za dagaa. Hafso aliinua makreti ya nyanya hadi mwenye nyanya akamuuliza kama babake ndiye aliyezilima. Mwalimu alimuuliza kila muuzaji swali lile lile kwa upole ule ule: "Mama, umeona ndege wa kahawia, ana pete nyeupe mguuni?" Hakuna aliyekuwa amemwona. Jua la saa nane lilikuwa limeipasha lami hadi viatu vya Nzembi vikawa vinanata.

"Wewe ndiye uliyemwona mwisho," Hafso alimwambia, akijifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Fikiria vizuri. Alikuwa amegeuka huku, ama kule kwa mahindi?"

Nzembi alimtazama. Mtandio wa Hafso ulikuwa na maji ya nyanya, na viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa vumbi la makreti. Hafso alikuwa akimwamini kabisa. Na mahali fulani katika mji huu Mweupe alikuwa akingoja watu ambao, kwa ajili ya mstari mmoja mzuri, walikuwa wakimtafuta kwingine.

"Hakugeuka kokote," Nzembi alisema. Sauti iliyotoka haikuwa hata moja ya zile saba. "Mwalimu, sikumwona. Ile mistari minne nimeitunga. Nilikuwa chini kwa muuza dawa ya panya."

Jeff alitoka chini ya meza, magamba ya dagaa yamemganda usoni. "Ati nini? Mimi nimetambaa hapa kama mjusi kwa sababu ya hadithi yako?"

"Nisamehe, Jeff."

"Jeff, ngoja," Mwalimu alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mara ya mwisho kumwona kwa macho ni lini?"

"Saa sita na robo. Hafso ndiye aliyemwona. Pembe ya magharibi."

Nzembi aliivua darubini shingoni na kumnyooshea. Mwalimu hakuipokea.

"Hayo baadaye. Ndege kwanza. Magharibi ni nyuma ya jengo. Kimbieni!"

Nyuma ya jengo kulikuwa na uchochoro, na mwisho wa uchochoro ua wa hoteli ndogo ya chakula. Mpishi, mwanamke mnene aliyeitwa Kamanthe, alikuwa akiosha sufuria.

"Ndege?" alisema. "Mnamtaka yule mwewe? Yule mwizi wa vifaranga? Niko naye hapo. Alianguka tu hivi, pu! Nikamfunika kabla hajafikia kuku wangu. Namngoja askari wa geti atoke zamu aje ammalize."

Alielekeza kidole katikati ya ua. Juani palikuwa na karai la chuma lililofunikwa kifudifudi, na juu yake jiwe.

Mwalimu aliliondoa jiwe, akainua karai kwa mkono mmoja na kushika leso kwa mwingine. Chuma kilikuwa cha moto hata kupitia glavu. Mweupe alikuwa amejilaza, mbawa zimetandazwa ardhini, mdomo wazi, akihema haraka haraka. Hakujaribu kukimbia. Mwalimu alimfunika leso, akamweka katonini na kuisogeza katoni kivulini.

"Alianguka saa ngapi, Mama?" aliuliza.

"Watu walikuwa wanaanza kuingia kula. Saa sita na nusu hivi."

Hakuna aliyehesabu kwa sauti, lakini kila mmoja alihesabu. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

"Kila baada ya nusu saa nilikuwa natoka nje kumwaga maji," Kamanthe aliongeza, sasa kwa sauti ya chini, akichungulia katoni. "Kama mtu angekuja kuuliza tu. Mwana wakwa, mwanangu, ningejuaje kwamba ana wenyewe?"

Nzembi alisimama pembeni mwa karai. Alitaka kulia, lakini aliona hata hilo lingekuwa kujipa kazi nyepesi. Akamsaidia Kamanthe kuosha sufuria zilizobaki, na hakuna aliyemwambia aache.

Usiku ule Mweupe alilala katika stoo ya Mwalimu, gizani na kimya. Saa moja ya usiku alikataa nyama. Saa tatu alikula vipande viwili. Alfajiri alijaribu kumdonoa Mwalimu pua, na Mwalimu akawapigia simu wote kuwapa habari hizo njema.

Asubuhi, kabla ya kumrudisha kinda kwenye paa la ofisi, Mwalimu alimpa Nzembi daftari na kalamu nyekundu. Nzembi alikata mistari minne, mmoja mmoja, na kando ya kila mmoja akaandika "Sikuona" na jina lake. Kwa kuwa alikiri mwenyewe, aliachiwa darubini, lakini aliambiwa kwamba hadi mwisho wa likizo hatakaa zamu peke yake. Hakubisha.

Kisha wakaketi juu ya paa, Nzembi, Hafso na Mwalimu. Mweupe alisimama ukingoni. Alipanga manyoya yake na kupiga mbawa papo hapo, kama kawaida yake. Nzembi alimkazia macho kwa robo saa, kwa nusu saa, hadi machozi yakamtoka. Kwa wiki tatu alikuwa amengoja kuliona jambo hili moja. Saa mbili na dakika kumi upepo ulileta vumbi, naye akapiga chafya.

"Ameruka!" Hafso alipiga yowe. "Ameruka! Ametua juu ya antena!"

Nzembi aliinua kichwa. Mweupe alikuwa juu ya antena, akiyumba, ameikumbatia kwa kucha kama mlevi aliyeshika mlingoti. Safari yenyewe ilikuwa imekwisha. Mwalimu naye alikuwa ameinama akimimina chai, na Hafso bado alikuwa akirukaruka. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Nzembi.

Aliandika polepole: *Saa mbili na dakika kumi. Mweupe ameruka kwa mara ya kwanza. Hafso ameona. Mimi sikuona, nilikuwa nikipiga chafya. Sasa namwona juu ya antena.*

Mwalimu Urbanus alisoma juu ya bega lake. Alipuliza chai yake.

"Nzembi," alisema, "jana hukukosea kwa kuwa na njaa, wala kwa kupenda kicheko. Kama ungeiacha mistari ile mitupu, tungejua kwamba kwa saa nzima hakuna aliyemwona Mweupe, tungeanzia magharibi, na tungempata mapema. Nafasi tupu ingetuambia ukweli. Wewe uliijaza, na sote wenye macho tukawa vipofu. Mtu akikuamini, anakukabidhi macho yake. Mwambie uliloliona, na usipoona, mwambie hukuona. Hilo nalo ni kazi, tena kazi kubwa."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Nzembi, na safari hii uso wake ulikuwa wake mwenyewe.

Ng'ambo ya barabara, Mweupe aliiachia antena. Alishuka kidogo, akapata upepo, akapita juu ya barabara hadi kivuli chake kikateleza juu ya paa lao na juu ya nguo zilizoanikwa. Wote watatu walimwona.