Waya Ulioandikwa MAJINI

Spika ilirudi ndani.

Kila fundi wa muziki anaijua kazi hii. Unashika nyaya mbili za spika, unazigusisha kwenye betri ndogo ya tochi, na karatasi ya spika inaruka nje kidogo huku ikisema tk. Ikiruka nje, umepatia. Ikirudi ndani, umegeuza chanya na hasi, unabadilisha nyaya, maisha yanaendelea. Dada Solda alibadilisha nyaya. Ikarudi ndani. Akachukua betri nyingine, akafungua spika mpya iliyokuwa bado na nailoni yake, na hiyo nayo ikarudi ndani, taratibu, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo.

"Makubwa haya," alisema peke yake, akafuta jasho.

Ilikuwa saa sita mchana, Alhamisi, jua la kuchoma utosi. Boti ilikuwa imefungwa gatini. Ilikuwa boti ya starehe, ya kubeba maharusi na watu wa sherehe za kuzaliwa, yenye viti vya ngozi bandia na vioo vyeusi. Mwenyewe aliitwa Bosi, na usipomwita hivyo hageuki. Alitaka spika nne na amplifaya ya kutikisa maini ya abiria kabla ya harusi ya Jumamosi. Mafundi wawili walishaikimbia kazi hiyo, mmoja akaacha kiatu. Tena boti yenyewe ilikuwa na kilema: pua yake ililala chini, kama mtu aliyeinama kutafuta alichoangusha. "Uzito wa betri huo," Bosi alieleza. Betri zilikuwa nyuma.

Dada Solda hakuichukua kazi hiyo kwa njaa wala kwa kupenda muziki. Miaka miwili nyuma, kaka yake, yule aliyemfundisha kushika pasi ya kuchomelea tangu ana miaka tisa, alikuja kufunga muziki kwenye boti hii hii na hakurudi nyumbani. Bosi akamtangaza kila kijiwe kuwa amekimbia na amplifaya mpya. Mwizi. Neno hilo lilimfuata mama yao sokoni, likamfuata msibani, mpaka akaacha kutoka nje. Bosi hakuwahi kukutana na ndugu wa yule fundi, kwa hiyo hakujua amemwajiri nani, na Dada Solda hakujitambulisha. Alitaka kujua jambo moja tu, kama kaka yake aliiba. Kama aliiba, akamwambie mama yaishe. Kama hakuiba, basi Bosi angekiona cha moto.

Kaka alikuwa na mazoea yake mawili. Kila waya aliubandika plasta nyeupe na kuandika unakokwenda, kwa herufi kubwa, na A zake hazikuwa na mstari wa katikati, maana alidai ni kupoteza wino. La pili lilikuwa la usalama. Akiwa ameingia darini au chini ya sakafu, na mdogo wake amesimama kwenye swichi, aligonga mara tatu: tk, tk, tk. Maana yake, nipo ndani, usiwashe. Mdogo wake alijibu kwa kugonga mara mbili: nimesikia. Hawakuwahi kukosea hata siku moja.

Dada Solda aliinua mfuniko wa sakafu kutafuta njia ya nyaya, na mwandiko ukamtazama. MBELE. NYUMA. DARI. Alizipapasa plasta zile moja moja, machozi yakimlengalenga, mpaka akafika kwenye waya wa mwisho, ulioandikwa MAJINI.

Hakuna fundi anayefunga spika majini. Aliufuata ule waya kwa tochi. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye pua ya boti, pale ambapo palipaswa kuwa na mlango mdogo wa chumba cha mbele, lakini hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta wa faiba, umepakwa ovyo na mtu mwenye haraka, na waya umezama humo. Alipotazama kidole chake, kilikuwa cheusi. Wino wa ile plasta ulikuwa bado mbichi.

"Bosi," aliita, "huu waya wa majini unakwenda wapi?"

Bosi alikuwa juu anapiga simu. Simu ilimponyoka. "Nani kakwambia mambo ya majini humu?"

"Waya, Bosi. Umeandikwa."

"Ukate! Ukate utupe, fundi, usiniletee uchuro!"

Hakuukata. Kwa mafundi wa mkono wa kaka yake, waya usioujua unaulizwa kwanza. Unauchomeka pale amplifaya inapopokelea sauti, unasikiliza kama una mngurumo, redio au kimya. Na kuna siri ambayo wateja hawaijui: spika ikichomekwa upande huo inageuka sikio. Inasikia kila kitu kilichoko huko iliko. Dada Solda alizifunga zile spika nne, akawasha amplifaya, akauchomeka ule waya, akauuliza.

Kwanza alisikia maji yakicheza mahali pembamba. Kisha, kutoka kwenye spika zote nne kwa pamoja: tk, tk, tk.

Alichukua bisibisi, akagonga sakafu mara mbili.

Boti ikatulia kabisa, hata mawimbi yakaacha kuigonga ubavuni, na harufu ikapanda kutoka chini, harufu ya maji yaliyofungiwa muda mrefu iliyochanganyika na moshi wa solda, harufu ya shati la kaka yake akirudi kazini. Halafu sauti ikasema polepole, "Usiwashe."

Hakumbuki alivyofika gatini. Anakumbuka kwamba viatu vyote alikuwa navyo, na alijisifu kwa hilo.

Asubuhi ya Ijumaa Bosi alikuja na mganga. Alikuwa mzee mfupi mwenye mkoba mkubwa na maneno mengi, aliyeingia botini akikohoa kwa heshima yake mwenyewe. Akafukiza ubani mpaka vioo vikaingia ukungu.

"Dada yangu, kaa nyuma," alimwambia Dada Solda. "Hawa viumbe hawana adabu kwa wanawake." Kisha akazigeukia spika. "Wewe uliyeingia humu! Jitaje! Uko wapi?"

Amplifaya ilikuwa imezimwa. Dada Solda alikuwa ameizima kwa mkono wake, na waya wa betri aliuchomoa. Taa yake nyekundu ikawaka.

"Niko majini," spika zikajibu.

Mganga alipiga kofi la ushindi. "Si nilikwambia, Bosi? Kakiri mwenyewe! Yuko kundi la majini. Haya, mko wangapi huko?"

"Mmoja," sauti ikasema. Karatasi za spika zote zikarudi ndani, kama zinavuta pumzi. "Nafasi ipo."

Mganga alifunga mkoba. Hakuaga, hakukohoa, na kwa umri wake alivuka kutoka botini hadi gatini kwa hatua moja ambayo kijana angeiogopa.

Dada Solda alibaki pale pale, amekodoa macho, kwa sababu alikuwa ameelewa. Hakukuwa na kundi lolote. Kaka yake alikuwa anaeleza alipo, kama alivyoandika maisha yake yote.

"Bosi," alisema kwa sauti ya chini, "ule ni mwandiko wa kaka yangu."

"Kaka yako nani?"

"Unayemwita mwizi."

Bosi alifungua mdomo, lakini spika zilimwahi, na kilichotoka humo kilikuwa siku nzima ile kaka aliyopotea, kama spika ndogo ya kupimia aliyoifunga kwenye ncha ya ule waya ilivyoisikia kutoka gizani: boti ikiondoka na yeye bado chini kazini, vicheko vya wageni juu ya sakafu, visigino vya wanawake, glasi, kisha mpasuko pale tundu la waya lilipoachia na maji kuanza kuingia, na kaka akigonga mara tatu, akingoja kwa adabu, akigonga mara tatu tena, na maji yakipanda, na sauti ya Bosi, ya karibu kabisa, nyuma ya mlango mdogo, ikimwambia mtu mwingine funga, funga huo mlango yasije huku, na komeo likiteremka, na mara tatu, na mara tatu, na mara tatu, kwa haraka zaidi, mpaka Bosi akapaza sauti akicheka na wageni wake, "Ongeza muziki!", na muziki ukaongezwa.

Spika zikanyamaza. Dada Solda alikuwa amekaa chini bila kujua amekaa saa ngapi.

"Juu walikuwepo watu arobaini!" Bosi alilia. "Maji yalikuwa yanaingia, dada! Ningefanyaje? Mmoja au arobaini?"

"Na muziki?"

Bosi aliinama kuzoa majivu ya ubani.

"Nakuuliza wewe. Muziki uliongeza wa nini?"

Bosi alijifuta uso kwa tai yake. "Wageni walikuwa wanauliza nani anagonga."

Hasira ilimpanda Dada Solda mpaka masikio yakaziba. Miaka miwili mama yake alikula akiwa ameuelekea ukuta. Miaka miwili majirani walihamisha redio zao kwa mafundi wengine. Na muda wote huo kaka alikuwa hapa, akipelekwa na kurudishwa, maharusi wakimchezea kichwani.

Spika zikagonga tena. Bosi akaruka, akanyakua koleo kwenye boksi la vifaa. "Naukata mwenyewe! Ulikataa kuukata, naukata mimi, leo yanaisha!" Akainua mfuniko wa sakafu, akajipenyeza chini kwa tumbo, na tumbo lilikuwa halitaki, akatambaa kuelekea puani huku akitukana. Dada Solda alimsikia akiushika ule waya. Halafu akamsikia anasema, kwa mshangao wa mtoto, "Mbona unavuta?"

Faiba ikapasuka. Maji yalikuja kwa kishindo kimoja, mfuniko ukajibamiza wenyewe, na komeo lake, lililokuwa na kutu ya kuhitaji nyundo, likateleza likajifunga laini kama limepakwa mafuta.

Bosi alianza kugonga. Hakugonga mara tatu, maana hakuijua ishara. Aligonga hovyo, kwa ngumi, kwa koleo, kwa magoti, akiita fundi, fundi, dada, dada yangu, na Dada Solda akaruka akalishika komeo kwa mikono miwili, na lazima isemwe, likasogea, lingefunguka, alilisikia likisogea, ila wakati huohuo kule juu ya kichwa chake muziki wa siku ile ukaanza wenyewe kwa sauti ndogo, na ndani ya muziki ile sauti aliyoipenda kuliko zote duniani ikamwomba kitu kimoja, taratibu, kama ilivyokuwa ikimwomba ampasie bisibisi.

"Mdogo wangu. Ongeza muziki."

Aliliangalia komeo. Akaiangalia amplifaya. Alimkumbuka mama ameuelekea ukuta.

Akainuka, akaongeza muziki mpaka mwisho.

Waliokuja kuikata ile pua waliwakuta wawili. Mmoja alikuwa mifupa ndani ya ovaroli, na kifuani ameikumbatia amplifaya ileile aliyodaiwa kuiba, imefungwa vizuri kwenye nailoni isilowe. Wa pili alikuwa Bosi. Walisema ajali, boti mbovu, faiba imechoka. Dada Solda alisema alikuwa anajaribu spika na hakusikia kitu. Mama alimzika mwanawe kwa jina lake safi, na kesho yake akaenda sokoni kichwa juu, akarudi na kikapu kimejaa na umbea wa mtaa mzima. Nyumba ikachangamka. Wateja wakarudi.

Wiki ya tatu mteja alileta redio ndogo ya jikoni, imekufa sauti. Dada Solda aliifungua mezani, mchana kweupe, mlango wazi, muziki ukicheza chini chini, akachomoa spika yake na kuigusisha kwenye betri ya tochi.

Ikarudi ndani.

Akabadilisha nyaya. Ikarudi ndani. Aliiweka chini, akaitazama, akingoja mara tatu. Angejibu mara mbili, na wala asingeogopa, kaka ni kaka. Lakini kilichotoka hakikuwa na hesabu. Kilikuwa kishindo cha ngumi, koleo, magoti, hovyo hovyo, cha mtu asiyejua kazi, na hakikutoka kwenye ile spika peke yake. Kilitoka kwenye kila redio iliyokuwa rafuni, na kwenye simu yake mfukoni.

Mama akachungulia kutoka uani, mikono ina povu la sabuni.

"Mwanangu, nani huyo anagonga?"

"Hakuna mtu, mama," alisema Dada Solda, akanyoosha mkono, akaongeza muziki.