Chakula cha Kuchorwa

Naomba radhi mapema, kabla hamjaketi vizuri, maana hadithi hii nitaiharibu. Hadithi ya jini inataka msimulizi mwembamba mwenye sauti ya kaburini, na mimi nina kitambi na kicheko kisichojua adabu. Pale pa kutetemeka nitatia mzaha, na pale mtakapotarajia mzaha huenda nikaanza kutafuta leso. Nivumilieni hivyo hivyo.

Mjini Machakos, upande wa chini ya vilima vya Iveti, aliishi bwana mmoja aitwaye Mutinda. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mbunifu wa bidhaa katika kiwanda kimoja cha plastiki kule Athi River. Watu wakisikia "mbunifu" hudhani ni mtu wa ndege na magari. La. Kama uliwahi kunawa mikono kwa jagi la kijani lenye mdomo wa bata, ile ilikuwa akili ya Mutinda. Kile kifuniko cha kopo la sukari kinachokataa kufunguka mgeni akiwepo, nacho ni chake.

Mwaka wa elfu mbili kiwanda kilipunguza watu, Mutinda naye akapungua. Akarudi nyumbani akamtangazia mkewe, Kavutha, fundi wa cherehani, kwamba sasa yeye ni mchoraji.

"Utachora nini? Ndovu?" Kavutha akauliza.

"Ndovu ni za watalii. Mimi nitachora vitu. Birika, mkate, sabuni ya kipande, beseni. Vitu vya siku hizi, vimetulia mezani."

"Vimetulia?"

"Vimetulia kabisa."

"Basi Baba Katunge, umepata kazi inayokufanana."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa watu wa kucheka, hao. Binti yao Katunge alikuwa shule ya bweni, nyumba ilikuwa kimya, na kicheko cha Kavutha kilisikika mpaka kwa majirani. Kumbukeni hicho kicheko, maana hadithi yote ni juu ya namna kilivyotoka katika nyumba ile.

Na picha zilipendwa, msifikiri. Ngigi, rafiki yake wa tangu kiwandani, alikuwa na duka la kutia picha fremu karibu na stendi ya mabasi. Alizipeleka Nairobi, na mawakili waliokimbia sufuria za mama zao wakazinunua wazitundike ukutani.

Chumba cha nyuma kikawa cha kazi. Mutinda alitoboa bati akaweka karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Saa saba mchana jua lilishuka wima kama maji ya mfereji, vitu vyote vikakosa kivuli, na hiyo ndiyo saa aliyoipenda. Mezani aliandaa birika la chuma linalong'aa, kikombe cha chai, nusu mkate, na ndizi tatu. Kiti akakivuta nyuma kidogo, kama mtu anayekaribia kuketi. Halafu akaweka sheria: chakula cha kuchorwa hakiguswi. Chai tu ndiyo ilibadilishwa kila asubuhi, ili isifanye utando. Siku moja Kavutha alimega kipande cha mkate, kidogo cha kumpa kifaranga, na Mutinda akabweka kutoka nyuma ya turubai, "Wacha! Hiyo si yako!"

Kavutha akakirudisha. Akakibandika pale pale, kama mtoto aliyevunja kitu.

Kosa lilijitokeza kwenye chai. Jumanne moja Mutinda alitoka kujinyoosha uani, akarudi, akakuta chai imeshuka upana wa kidole. Mtu mwingine asingeona. Lakini huyu alikuwa amegombana na wakubwa wake mwezi mzima kwa milimita moja ya ukingo wa beseni. Alileta kalipa yake, ile koleo ya chuma ya kupimia unene, akapima. Kesho yake akapima tena. Imeshuka. Akainua ndizi moja: ganda zima, halina hata mkwaruzo, lakini nyepesi kama ala ya kisu. Alipoibonyeza ikabonyea mpaka vidole vikakutana. Ndani hamna kitu.

"Nani amekuja hapa?" akamuuliza Kavutha jioni.

"Hapa wapi?"

"Chumba cha nyuma. Kuna mtu anakunywa chai yangu."

"Chai yako ya kuchora? Atakuwa na njaa kweli."

Alicheka. Mutinda hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza.

Wiki ya pili ikaja harufu: maziwa yaliyoungua, na jikoni hamna moto. Ilikuja saa saba kamili ikakaa mpaka kivuli cha kwanza kitokeze chini ya meza. Kisha ikaja sauti. Mutinda alikuwa ameinama akichanganya rangi, akasikia, upande wa pili wa turubai, *fyooo*, ile ya mtu mzima anayevuta chai ya moto kwa raha zake. Akachungulia. Meza, kiti, basi. Ila kikombe kilikuwa kinatikisika kidogo kwenye kisahani chake.

Mtu mwenye akili angetoka mbio. Mutinda alitafuta mwizi. Kichwani alikuwa na mmoja tayari, kwa sababu Ngigi akija kuchukua picha alikaa jikoni na Kavutha wakapiga hadithi, na kicheko kile, kile kile, kilipita ukutani kikamkuta Mutinda na brashi mkononi. Wivu ni fundi; hukipa kila kitu umbo.

Kwa hiyo Ijumaa ile, akichora tumbo la birika linalong'aa, na wote mnajua tumbo la birika ni kioo kilichonenepa, akichora alichokiona mle bila kufikiri, dirisha dogo lililopinda, turubai ndogo iliyopinda, yeye mwenyewe mdogo kama mdudu na brashi yake, mkono ukaendelea, ukachora pia mgongo, mgongo wa mtu aliyeketi kwenye kiti, amevaa koti la miraba ya kahawia, ameinamia kikombe, na Mutinda alipong'amua anachora nini alikuwa amekwisha kutia mpaka vifungo vya mkono, na alipoinua macho kwenye kiti chenyewe kilikuwa kitupu, na alipoyarudisha kwenye birika mgongo ulikuwa bado upo, na ulikuwa unapumua.

Koti la miraba ya kahawia alikuwa nalo Ngigi.

Jamani, hapa ningeweza kumtetea Mutinda, lakini nitamtetea vipi? Mtu ameona kiti kitupu na mgongo unaopumua, na akaamua tatizo ni mkewe.

Alibeba turubai mpaka sebuleni, rangi ikiwa mbichi. Kavutha alikuwa akishona sare ya shule.

"Huyu ni nani?"

Kavutha akatazama. "Mtu ameketi."

"Ni Ngigi. Unamleta nyumbani kwangu. Unamlisha mezani pangu. Nyinyi wawili mnanicheka."

"Baba Katunge, hiyo picha umechora wewe."

"Mkono wangu haudanganyi. Macho ndiyo yalidanganywa miezi yote hii!"

Cherehani ikanyamaza. Kavutha alizungumza polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Miaka kumi na tisa. Hata kipande cha mkate nilirudisha. Na leo unanileta mbele ya picha kama mwizi." Akasimama. "Mutinda, hujaniuliza swali hata moja. Umeuliza rangi."

Alimwita Mutinda. Si Baba Katunge. Kesho yake asubuhi alifunga cherehani kwa leso akaenda Katangi, kwa mama yake.

Mutinda akasherehekea ushindi kwa kufunga mlango kwa kufuli mbili. Sasa tuone atakayekunywa chai. Akamimina mwenyewe, mbaya, nyeusi kama lami, akaketi nyuma ya turubai akangoja siku hiyo, na ya pili, na siku zote chai ilishuka, na Ngigi hakuwepo, na Kavutha hakuwepo, na siku ya tatu saa saba, jua likiwa wima na nyumba yote ikiwa haina kivuli hata cha sindano, harufu ya maziwa yaliyoungua ikaja nzito mpaka ikamkaa ulimini, kiti kikalia *kri*, mto wa kiti ukabonyea taratibu kama unaokaliwa na mtu mwenye heshima zake, na Mutinda, asiyethubutu kutazama kiti, akatazama birika, akaona mle ndani mgongo ule umevua koti, hauna miraba tena, hauna rangi, ni laini kama plastiki kabla haijatiwa kwenye kalibu, na ukaanza kugeuka, bega, shingo, shavu, na palipopaswa kuwa na uso palikuwa panangoja apachore.

Alikimbia. Pekupeku, brashi mkononi, katikati ya mji mchana kweupe, watu wa soko wakimpisha. Hakuwa na pa kwenda isipokuwa duka moja.

Ngigi aliweka nyundo chini. Habari za Kavutha zilikuwa zimemfikia.

"Umekuja kunipiga," akasema, "ama kunichora?"

"Ngigi, kuna kitu kwa nyumba."

"Kilikuwa mimi juzi."

"Nisaidie, ndugu yangu."

Ngigi akachukua kufuli. Kisha akafunga duka. "Nitakusaidia kwa sababu ya Kavutha. Wewe na mimi tutaongea siku nyingine." Hawajaongea mpaka leo.

Akampeleka Majengo, nyuma ya msikiti, kwa Bi Nthambi, mama wa Kikamba aliyesilimu, muuza mahamri. Majini aliyatoa kama mtu anayefukuza kuku jikoni, na hakupenda kusumbuliwa kabla ya unga kuumuka. Alikuja na chetezo na mwiko. Akaingia chumba cha nyuma, akanusa, akaitazama ile meza: mkate wa wiki tatu wenye manyoya ya kijani, ndizi nyeusi, chai ya lami, kiti kimevutwa. Akamgeukia Mutinda.

"Hiki chakula cha nani?"

"Cha kuchorwa, Bi mkubwa. Hakiliwi na mtu."

"Subhanallah," akasema Bi Nthambi, na kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa kidogo. Akafukiza ubani. Akagonga meza kwa mwiko mara tatu. "Wewe uliyeketi. Nani amekutuma? Nani amekununua Mombasa akakuleta huku?"

Mutinda akakaza masikio. Hata wakati huo alikuwa anangoja jina la mtu.

Sauti ikatoka kwenye mdomo wa birika, tulivu, yenye maji maji.

"Sikutumwa. Mimi ni mpita njia. Nilikuta mlango wazi na meza imeandaliwa. Kiti kimevutwa. Nikasema labda wanangoja mwenyewe. Nikangoja. Mkewe akagusa mkate, akafokewa: hiyo si yako. Nikashangaa. Kama si ya mke, na mume hali, na mtoto hayupo, itakuwa ya nani? Nikajua ni yangu. Kila asubuhi chai mpya. Sijawahi kukaribishwa namna hii."

Wazee wa Ukambani waliwamwagia aimu, roho za waliotangulia, tone la chini, kisha wakala wenyewe. Hata mtoto anajua chakula kilichoandaliwa na kukatazwa watu kina mwenyewe asiyeonekana. Mutinda alijua pia. Alilelewa hivyo. Alifikiri sanaa ina msamaha.

"Na ule mgongo?" akanong'ona. "Lile koti?"

"Sina umbo," birika likasema. "Ulitaka koti, nikavaa koti. Ulipenda sana kuliona."

"Mke wangu..."

"Mkeo hajaniona hata siku moja. Alikuwa akiona mume na meza."

Bi Nthambi akavuta kiti kingine. "Dawa ni moja. Mwenye nyumba aketi, ale. Chote. Mgeni akiona mwenyeji anakula, anajua karamu imekwisha."

"Huo mkate una manyoya!"

"Ungeula ukiwa na siagi."

Mutinda alikula. Alikula mkate ule akilia, akala ndizi zilizobaki, maganda kwa uji wake mweusi, akanywa chai, na kila alipomeza, kitu kilichokuwa kando yake kilisogea mbali kidogo, mpaka kiti kikarudi nyuma chenyewe, kwa adabu, kikainuka kisije kikakwaruza sakafu. "Nimeshiba," ikasema ile sauti, sasa ikiwa mlangoni. Harufu ya maziwa ikatoka nyuma yake.

Wiki iliyofuata Mutinda alienda Katangi na mbuzi wawili. Kavutha alimpokea uani, akamletea maji, akaketi mbali. Alimsikiliza mpaka mwisho: birika, ubani, ile sauti.

"Kwa hivyo lilikuwa jini," akasema.

"Lilikuwa jini, Mama Katunge. Umeona? Si mimi!"

"Jini lilikunywa chai. Yale maneno ya sebuleni nani aliyasema?"

Mutinda akafungua kamba za mbuzi. Alirudi Machakos na mbuzi wake wawili.

Na nyumba haikutulia. Aliondoa meza, akaziba bati, akawa anakula kila kilichopikwa. Bado kulikuwa na baridi chumbani, bado mtu alikuwa akitembea sebuleni akisema peke yake, bado chakula hakikuwa na ladha. Akarudi Majengo mbio. "Bi mkubwa, hukulitoa! Bado limo!"

Bi Nthambi alikuja na chetezo chake. Akapita chumba hadi chumba, akanusa makabati, akachungulia chini ya kitanda, akaisikiliza cherehani isiyokuwepo. Akarudi sebuleni.

"Ni kweli, amebaki mmoja," akasema. "Yule aliyemtoa Kavutha. Huyo sina ubani wake."

"Yuko wapi?" akauliza Mutinda.

Bi Nthambi akanyoosha kidole moja kwa moja, kifuani pa Mutinda. Na mimi, maana huyo Mutinda ninayewasimulia ndiye mimi, nikageuka kuangalia nyuma yangu.